Kufungua injini ya 6D16 iliyochoka: pima kwanza, vipuri baadaye

Somo hili ni la 6D16 ya Fuso isiyo na turbo: silinda 6, kipenyo milimita 118, mwendo wa pistoni milimita 115, ujazo cc 7,545. Ndiyo niliyoifungua mara nyingi kuliko nyingine zote.

1. Hakikisha kweli imechoka. Ikitoa moshi wa bluu mlimani, ikipumua kwa nguvu ukifungua kifuniko cha oili, na presha ya oili ikishuka injini ikipata moto, hapo fungua. Moshi mweusi peke yake upeleke kwanza kwenye filta ya hewa, nozeli na pampu.

2. Unapofungua, piga namba kofia zote za meni (zinazoshika krenki kwenye bloku) na za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki). Kila kofia irudi mahali pake na upande wake, la sivyo krenki itakaba.

3. Pima. Hapa ndipo pesa ya tajiri inapookolewa au kupotea. Slivu, yaani bomba ambalo pistoni inatembea ndani yake, hulika zaidi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, kwa hiyo pima juu, katikati na chini, na kila sehemu pande mbili. Shingo za krenki nazo zipimwe kwa maikromita pande mbili, kwa kuwa shingo iliyolika hupoteza uduara. Ikibidi kuchongwa, anza na milimita 0.25, na metali (beringi za shingo za krenki) ununue baada ya kuchonga. Hedi, kifuniko cha juu cha silinda, ipimwe unyoofu na nyufa.

4. Osha njia za oili. Nisikilize hapa. Nikiwa bado najifunza kazi, tulifunga injini yenye krenki iliyotoka kuchongwa. Siku ya nne ikagonga. Tulipofungua, metali zilikuwa zimechanika kwa unga wa chuma uliobaki ndani ya matundu ya krenki. Mwenye gari alikaa chini pale pale gereji, hakusema neno. Tangu siku hiyo napitisha brashi na dizeli safi katika kila tundu la krenki na bloku, kisha upepo, na narudia mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe.

5. Unapofunga, tumbukiza ringi ndani ya slivu na upime mwanya wake kabla ya kuivalisha pistoni. Midomo ya ringi isielekeane. Kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), na kila ukimaliza kofia moja zungusha krenki kwa mkono. Ikikaza ghafla, kosa liko kwenye kofia uliyotoka kufunga. Mpango wa silinda kuwaka ni 1-5-3-6-2-4.

6. Kabla ya kuwasha, kata dizeli na upige stata kwa vipindi vifupi mpaka presha ya oili ipande. Ikishawaka, usiiache sailensa, yaani ikiunguruma tu bila mzigo, kutwa nzima. Ringi hukaa vizuri injini ikifanya kazi ya wastani. Kwenye kilomita 1,000 mwaga oili, badilisha filta, na uipasue ile ya zamani utazame kama ina chuma.

Maswali

Shikamoo fundi. Naweza kubadilisha ringi tu?
Marahaba. Unaweza, kama vipimo vya slivu bado viko ndani ya kiwango cha kitabu. Slivu ikiwa imepanuka juu, ringi mpya zitakula oili vile vile.

Nataka kuongeza turbo, gari inanitesa mlima Kitonga.
Turbo huongeza joto na mgandamizo ndani ya silinda, na pistoni za injini isiyo na turbo hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Tafuta injini nzima iliyotoka kiwandani na turbo. Kwa sasa zibua rejeta, kagua feni na upime nozeli. Gari nyingi zinazolia Kitonga zina tatizo hapo.

Ya kwangu ni 6D14. Mwendo wa pistoni si ule ule wa 115? Nichonge bloku iwe 6D16?
Mwendo ni ule ule, lakini kipenyo cha 6D14 ni 110. Unataka kuondoa milimita 8 kwenye bloku iliyokwisha kutembea miaka yote hiyo. Mimi siichongi.