Namna ya Kukagua Lipu ya Nje katika Nyumba ya Mawe ya Pwani

Nyumba nyingi za kale za Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo, kuta zake zikiwa na unene wa nusu mita hivi, na nje zikafunikwa kwa lipu ya chokaa. Lipu hiyo ni nguo ya ukuta. Hupigwa na mvua, hulowa, kisha hukauka, na inapochakaa huvuliwa na ukuta ukavishwa nyingine. Ukuta wa aina hii haukukusudiwa kuyazuia maji yasiingie kabisa, bali kuyaachia yatoke upesi kuliko yanavyoingia, na karibu kila dalili nitakayoieleza hapa ni dalili ya maji yaliyokosa pa kutokea.

Hatua ya kwanza ni kuchagua wakati. Ukaguzi hufanywa mara mbili: mara moja wakati wa masika, mvua ikiwa inanyesha, ili uone kwa macho yako maji yanapita wapi, na mara ya pili mwezi wa Julai au Agosti, wakati mvua kubwa zimekwisha na upepo wa kusi umepuliza kwa wiki kadhaa. Doa lililoonekana Aprili na kutoweka Julai halinisumbui sana. Doa lililobaki palepale Agosti ndilo linalostahili kuandikwa daftarini. Beba timazi, yaani uzi wenye kizito nchani wa kupimia wima, tepu ya kupimia, penseli, tochi, brashi kavu na nyundo ndogo ya mbao, na upige picha ya kila upande wa nyumba kutoka umbali mmoja, kwa sababu kumbukumbu ya mwenye nyumba kuhusu ufa wake mara nyingi humdanganya.

Hatua ya pili, anza juu, usianze pale lipu ilipoanguka. Wengi hukimbilia kidonda na kuacha kisu. Tazama ukingo wa paa, matundu ya mabati, mifereji iliyoziba kwa majani, na matangi ya maji yaliyowekwa juu ya nyumba ambayo wajenzi wake hawakuyafikiria. Tazama pia bomba la kiyoyozi: tone moja moja linaloangukia ukutani mchana na usiku hulowesha zaidi kuliko mvua, kwa kuwa mvua hukatika na kiyoyozi hakikatiki. Ukiona mche wa mtini mwitu umeota kwenye ukingo wa ukuta, usiung'oe kwa mkono, kwani mizizi yake imekwisha kupenya katikati ya mawe na itakuja na mawe yenyewe. Ukate na uache mizizi ife kabla ya kuitoa.

Umbo la doa husema chanzo chake. Mchirizi mrefu unaoanza pembeni mwa paa au chini ya dirisha ni maji ya mvua yanayoteremka. Doa la duara katikati ya ukuta, pasipo na chochote juu yake, mara nyingi ni bomba linalovuja ndani, hasa pale choo au bafu lilipoongezwa ghorofani miaka ya karibuni. Utandu wa kijani unaoteleza huonyesha mahali ambapo maji hurudi kila siku.

Hatua ya tatu ni kupima unyevu unaopanda kutoka ardhini. Pima kimo cha mstari wa unyevu kila baada ya mita moja na uandike. Mstari ulionyooka kuzunguka nyumba nzima ni maji ya ardhini; uliopanda ghafla mahali pamoja ni mtaro uliopasuka au shimo la maji machafu lililo karibu. Tazama vilevile uchochoro wenyewe. Pale ulipoinuliwa kwa zege juu ya zege, sakafu ya nyumba hubaki chini ya njia, na maji ya mvua huegemea ukuta badala ya kuondoka.

Hatua ya nne ni chumvi. Unga mweupe ukutani unaweza kuwa chumvi au kuvu, na tiba zake ni mbali mbali: dondoshea maji kidogo, ukiyeyuka ni chumvi. Chumvi hiyo hutoka katika upepo wa bahari, katika maji ya ardhini, na mara nyingi mno katika mchanga wa pwani uliochotwa bila kuoshwa ukachanganywa kwenye lipu. Maji yanapokauka huiacha chumvi ndani ya vitundu vya lipu, ikaganda na kutanuka, ikalowa tena na kuganda tena, hadi uso wa lipu ukamomonyoka kama mkate mkavu. Iondoe kwa brashi kavu tu, kisha uifagie na kuitupa mbali, maana ukiiosha kwa maji unairudisha ukutani.

Hatua ya tano ni kugonga, na hapa usiwe na haraka. Gonga lipu kwa nyundo ya mbao, taratibu, ukienda kwa mistari kutoka chini kwenda juu. Lipu iliyoshika ukuta hutoa mlio mfupi na mzito. Iliyoachana nao hulia kama mtungi mtupu. Zungushia penseli kila eneo linalolia hivyo. Eneo la ukubwa wa sahani si la kutisha, lakini maeneo yanayoungana na kukua kati ya ukaguzi mmoja na mwingine yanaonyesha kwamba lipu imebaki kusimama kwa mazoea.

Lipu ya saruji hudanganya masikio na macho pamoja. Ni ngumu, hulia vizuri mwanzoni, na huonekana safi kwa miaka kadhaa, na ndiyo sababu wenye nyumba huipenda. Lakini saruji haipumui kama chokaa. Maji yaliyoingia kupitia ufa mwembamba au kupanda kutoka chini hukosa njia ya kutokea nje, hupanda juu zaidi, na chumvi hugandia nyuma ya lipu, ndani ya ukuta wenyewe, mahali ambapo jicho halifiki. Niliwahi kubandua lipu ya saruji katika nyumba ambayo mwenyewe aliniita kwa ajili ya ufa mmoja tu. Lipu ilitoka vipande vizima, na nyuma yake chokaa iliyokuwa ikishika mawe ilikuwa imegeuka unga, ukimwagika kama mchanga kutoka kwenye gunia lililotoboka. Rangi ya mafuta juu ya lipu ya chokaa hufanya kosa hilohilo kwa kiasi kidogo: ukiona rangi imetuna malengelenge, toboa moja, na ukikuta maji au unga mnyevu ndani yake, sababu umeipata.

Hatua ya sita ni nyufa na mitutumko. Nyufa nyembamba zinazosambaa kama utando wa buibui ni za lipu peke yake, nazo hutokana na kukauka upesi mno kwa jua. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha, au wa wima pale kuta mbili zinapokutana, huenda ni wa ukuta. Bandika kipande chembamba cha kioo juu yake kwa plasta, andika tarehe, na ungoje: kioo kikivunjika, ukuta unatembea. Kisha teremsha timazi kutoka juu na upime nafasi kati ya uzi na ukuta kila baada ya mita moja. Vipimo vikipungua katikati na kuongezeka tena chini, ukuta umetoa tumbo, yaani tabaka la nje la mawe linaachana na la ndani. Hapo acha kugonga, ondoa watu na magari chini yake, na umwite mhandisi kabla ya fundi. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 katika Mji Mkongwe wa Unguja, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili walipoteza maisha. Ukuta mzee hauangalii kwamba mafundi wako kazini.

Hatua ya saba haihusu lipu moja kwa moja, ila lipu ndiyo inayoisema. Ufa mlalo unaofuata usawa wa sakafu ya ghorofa humaanisha mara nyingi kwamba ncha za boriti za mikoko zilizoingia ukutani zimeoza au zimeliwa na mchwa. Ingia ndani na tochi, na uchome ncha ya boriti kwa bisibisi karibu kabisa na ukuta. Ikizama bila kutumia nguvu, boriti hiyo haibebi tena.

Ukiisha kukusanya yote hayo, utaratibu wa matengenezo hufuata njia ya maji: kwanza paa, mifereji na mabomba, kisha mitaro ya chini, na lipu mwisho kabisa. Kwa nyumba iliyo ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, omba kwanza kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Lipu ya saruji ibanduliwe kwa patasi kidogo kidogo, wala isivunjwe kwa mashine inayotikisa mawe, na ukuta uliobanduliwa uachwe wazi msimu wote wa kusi, ukipigwa brashi kavu kila chumvi inapochomoza. Majirani watauliza kwa nini kazi imesimama. Waache waulize, na usiruhusu chokaa mpya ipandishwe ukutani mpaka brashi ipite wiki mbili mfululizo bila kutoa unga mweupe.