Umefunga springi za upepo kwenye pikapu ya kuvuta trela? Ipime hivi kabla hujaiamini

Kitu ninachokiona sana ni mtu anafunga springi za upepo (mifuko ya mpira inayojazwa upepo kusaidia springi za nyuma) au anaongeza jani, yaani bapa la chuma, kwenye springi, nyuma inanyanyuka, anasimama kwa mbali anaiangalia anasema imekaa poa, basi kazi imeisha. Jamani hapo bado hujapima kitu.

Anza kabla fundi hajagusa gari. Egesha sehemu bapa, tairi zijazwe upepo ule ule utakaovutia, halafu chukua tepu upime kuanzia katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, tairi zote nne, uandike. Usianzie chini kwenye sakafu maana tairi ikilemewa inabonyea na kipimo kinakudanganya. Sasa funga trela ikiwa na mzigo wako wa kawaida upime tena. Nyuma itashuka, hilo kila mtu analijua, ila we angalia mbele imepanda kiasi gani, maana mbele ikipoteza uzito usukani unakuwa mwepesi, tairi za mbele hazishiki vizuri ukikanyaga breki, na usiku taa zinawapiga wenzako machoni.

Mimi hili nimelijua barabarani. Nilifunga springi za upepo, nyuma ikarudi karibu na pale ilipokuwa, nikafurahi kweli, kuingia njiani na trela kila lori likinipita usukani unaelea vile vile. Kwenda mizani, ekseli ya mbele bado nyepesi. Springi inanyanyua bodi tu, haiurudishi uzito mbele, kinachourudisha ni kupanga mzigo vizuri kwenye trela au kutumia ile ndoano yenye vyuma vya kugawa uzito. Kwahiyo mizani usiiruke: pima ekseli ya mbele na ya nyuma bila trela, halafu na trela. Mkono wa trela unatakiwa uikandamize ndoano kwa kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela, yaani trela ya kilo 2,000 ni kilo 200 hadi 300. Na usidanganyike kwamba ukiongeza springi gari linaruhusiwa kubeba zaidi, kile kiwango cha kiwandani kiko pale pale, breki na ekseli ni zile zile.

Badilisha kitu kimoja kimoja. Ukifunga springi na shokapu mpya siku moja hutajua kipi kimesaidia. Tumia barabara ile ile, mzigo ule ule, spidi ile ile, upite kwenye tuta pole pole uhesabu nyuma inadunda mara ngapi kabla haijatulia. Ikidunda mara moja ikakaa, shokapu ziko sawa, ikiendelea kupanda na kushuka springi zimezizidi nguvu.

Springi za upepo zijaze jioni, andika presha, asubuhi angalia geji. Ikishuka paka maji ya sabuni kwenye maungio, panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Angalia pia zisiguse bomba la breki wala waya wa ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) gari likiwa limeshuka chini, na pia likiwa limenyanyuka. Baada ya safari ya kwanza ingia chini na spana ukaze bolti zote upya, na ukifungua trela punguza upepo, ila usiumalize wote, mpira ukikaa mtupu unajikunja na kujisaga.