Kausha mbao kabla ya kutengeneza makabati ya jikoni

Anayetaka kujitengenezea makabati ya jikoni hapa Mafinga au Iringa mjini ana bahati ya kuwa karibu na mbao za paini za shamba la miti la Sao Hill, lakini ukaribu huo ndio unaofanya mbao nyingi zimfikie zikiwa bado mbichi. Ubao mbichi husinyaa kwa upana unapokauka, huku urefu ukibaki karibu uleule. Ndiyo maana mlango uliofunga vizuri wakati wa masika huweza kupinda au kuacha mwanya kiangazi kinapokolea.

Zipange mbao kivulini penye upepo, zikiwa zimeinuliwa kwa matofali, na kati ya tabaka moja na jingine weka vijiti vyenye unene sawa, kila kijiti kikiwa juu kabisa ya mwenzake wa chini, kisha kandamiza rundo lote kwa kitu kizito. Ncha za mbao zipakwe rangi ya mafuta, kwani unyevu hutoka huko kwa kasi na kusababisha nyufa. Ubao mmoja mfupi wa katikati ya rundo upimwe kwenye mzani kila wiki, na uzito wake ukiacha kupungua, ndipo uanze kukata.

Hata hivyo, mbao iliyokauka huendelea kutanuka na kusinyaa kidogo kufuatana na majira. Kwa hiyo paneli ya mlango, yaani ubao wa katikati unaozungukwa na fremu, isitiwe gundi wala misumari. Iache huru ndani ya mfereji wa fremu, na nafasi ya milimita mbili au tatu kila upande.