Chanjo, minyoo na kupe: ratiba ya mbwa na paka kwa sisi wa Dar (soma yote kabla ya kuuliza)

Wakuu, salaam. Swali ninaloletewa kila mara ni hili: "Mtoto wa mbwa anatapika na kuharisha damu, nimpe nini? Mbona nilimchanja?" Nikiomba kadi, nakuta sindano moja. Naandika hapa ili nisirudie tena.

Hatua ya 1. Tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa kabla mnyama hajafika nyumbani. Humjui? Uliza ofisi ya mifugo ya manispaa yako.

Hatua ya 2: Minyoo. Mbwa anaanza akiwa na wiki 2, paka wiki 3. Rudia kila baada ya wiki 2 mpaka wiki ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi 3. Dozi inafuata uzito. Mbebe upande naye mzani, kisha upande peke yako, utoe tofauti.

Hatua ya 3: Chanjo. Hapa ndipo watoto wa mbwa wanapotupotea. Mbwa anachanjwa dhidi ya parvo (kirusi cha kutapika na kuharisha damu) na distempa (kirusi kingine kinachoua mbwa) kuanzia wiki 6 hadi 8, na anarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Chanjo ya mwisho ikidungwa kabla ya wiki 16, hujamaliza. Paka naye ana mfululizo wake wa umri huohuo. Kichaa cha mbwa: wote wanachanjwa wakifika miezi 3, halafu kila mwaka. Paka pia, tafadhali.

Jambo la pili ni baridi. Chanjo hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika mchana kutwa na joto letu hili, kichupa kinabaki na lebo nzuri na dawa iliyokufa. Kugandisha nako kunaharibu, hasa ya kichaa, kwa hiyo usiilaze juu ya barafu tupu. Usinunue chanjo dukani ukapanda nayo daladala mfukoni. Acha daktari aje nayo kwenye kibebeo chenye barafu, afungue kichupa mbele yako. Ya parvo huwa ni kidonge cheupe kikavu chini ya kichupa, kinachanganywa na maji yake papo hapo. Akija na sindano iliyokwisha kuvutwa tangu asubuhi, mkatalie. Stika ya kichupa ibandikwe kwenye kadi, na tarehe ya kuisha isomeke.

Hatua ya 4: Kupe na viroboto. Mvua za masika zikianza usisubiri uwaone. Onyo la kwanza: dawa ya mbwa yenye permethrini USIMPAKE PAKA. Anatetemeka, anapata degedege, anakufa. Onyo la pili: ivermektini ya ng'ombe, ile sindano ya minyoo na wadudu wa ngozi. Ile ya asilimia 1 ni mililita 1 kwa kilo 50 za ng'ombe. Mbwa wa kilo 3 utampimiaje kwa bomba la kawaida? Achana nayo.

Hatua ya 5. Kuhasi au kufunga kizazi: panga na daktari wako.

MASWALI

Kijana wa Mbagala: Mkuu, wangu kachomwa moja, si inatosha?

Jibu: Hatua ya 3. Imeandikwa.

Baba Neema: Mbwa wangu hatoki getini, chanjo ya nini?

Jibu: Wewe unatoka. Kirusi cha parvo kinaishi kwenye udongo miezi mingi, kinaingia na soli ya kiatu chako. Na mbwa koko anayepita chini ya geti haulizi kwanza. Siongezi hapo.

Mwalimu wa Tegeta: Samahani mkuu, naomba kuelewa. Kama ya kwanza ni dawa ileile, kwa nini irudiwe?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Mtoto akinyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza, anapata kinga ya mama. Kinga hiyo inamlinda, lakini pia inaizima chanjo kabla mwili wake haujajifunza. Inapungua taratibu, na kwa kila mtoto siku yake ni tofauti, hata wa tumbo moja. Hakuna anayejua kwa macho imeisha lini, ndiyo maana tunarudia mpaka wiki 16, tuwe na uhakika sindano moja imemkuta mwili uko wazi.

Mwalimu wa Tegeta: Nimeelewa kabisa. Na nyumba aliyofia mbwa wa parvo?

Jibu: Sakafu ioshe kwa sabuni kwanza, kisha jiki kipimo 1 kwa maji vipimo 30, iache dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo. Usilete mtoto mwingine pale. Leta mkubwa aliyekamilisha chanjo.

Mama Kiki, Kigamboni: Kupe nimewaona ukutani, si kwa mbwa!

Jibu: Ndio hao hao, mama. Kupe wa kahawia anashuka, anapanda ukuta, anataga mayai maelfu kwenye nyufa. Ziba nyufa kwa saruji, na banda lipuliziwe dawa mbwa akiwa nje. Ukitibu mbwa peke yake, wiki zijazo wanarudi.

Fundi wa Tabata: Paka kanichana akaning'ata, ni wa jirani, kadi hana.

Jibu: Acha kuandika. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nenda hospitali leo hii hii, kwa ajili ya kichaa. Usisubiri kuona kama paka ataugua.