Siku ya Tamasha la Komiki Nairobi: Vazi Lishonwe kwa Safari, Si kwa Picha

Kabla hujaamua utamwiga mhusika gani siku ya tamasha, amua kwanza utafika kwa chombo gani. Ushauri huu huwashangaza wanaoanza, kwa sababu wengi huanza na picha: wanaona deraya inayong'aa au mabawa yaliyokunjuliwa, wanaipeleka picha hiyo kwa fundi, na siku yenyewe ikifika wanagundua kwamba vazi halipiti mlangoni mwa matatu. Mwaka wangu wa kwanza nilijitengenezea mabawa yenye upana wa mita moja na nusu. Matatu mbili zilinikataa, na makanga wa ya tatu akanikubalia kwa sharti: "Panda, bosi, lakini hayo mabawa yanalipa viti viwili." Nililipa, na bawa la kushoto likavunjika hata hivyo kabla hatujafika Museum Hill.

Tangu siku hiyo kila vazi langu hupitia jaribio la nyumbani. Ninalivaa lote kwa saa mbili, ninaketi, ninapanda ngazi, ninakunywa chai na ninaingia msalani bila kumwita mtu anisaidie. Sehemu yoyote inayoshindwa hubadilishwa au huachwa. Deraya, mabawa na silaha za bandia hutengenezwa vipande vipande, kila kimoja kisizidi urefu wa mkono, ili vyote viingie katika mfuko mmoja mkubwa, na huunganishwa kwa velkro au vifungo vya mkoba. Nguo ya ndani unaweza kuivaa nyumbani chini ya koti la kawaida. Yaliyobaki utayavalia ukumbini.

Kuhusu deraya, malighafi rahisi kupatikana ni ile mikeka ya sponji ngumu yenye meno ya kuunganishia, ambayo wazazi huwatandikia watoto sakafuni. Unene wa milimita kumi au zaidi kidogo unafaa kifua na mabega. Ule wa milimita tano au chini ya hapo unafaa mapambo na viungo vinavyojikunja. Ili kupata kigezo cha mwili wako, jizungushie kiwiliwili kwa nailoni ya kufunikia chakula, mwambie ndugu au rafiki akubandike tepu ya karatasi juu yake, chora mistari ya mikato kwa kalamu, kisha alikate ganda hilo taratibu upande wa mgongo, na ulitenganishe kwa kufuata mistari uliyochora. Vipande hivyo ukivilaza juu ya mkeka utakuwa na ramani ya mwili wako, ambayo ni ya kutegemewa kuliko kipimo chochote kilichotolewa kwenye intaneti. Tumia wembe mpya wa kisu na uubadilishe mara kwa mara, kwa maana wembe butu huchana sponji badala ya kuikata.

Sponji ikipashwa moto kwa mashine ya kukaushia nywele hulainika, ikakubali kupindwa juu ya goti au sufuria. Gundi inayoishika vizuri ni ile ya fundi viatu. Ipake pande zote mbili, uiache dakika kama kumi mpaka isinate kidoleni, ndipo uzikutanishe pande hizo. Ukizikutanisha ingali mbichi zitateleza, na zikishakutana barabara huwezi tena kuzisogeza, kwa hiyo lenga kabla ya kugusa. Kabla ya rangi, paka tabaka tatu au nne za gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, ukiacha kila tabaka likauke. Anayeruka hatua hii huona rangi yake ikinywewa na sponji na deraya ikabaki na mabaka kama ukuta wenye unyevu. Kazi yote ya gundi na rangi ifanyike nje au dirishani, kwa sababu mvuke wake ni mkali, na chumba kimoja cha kupanga si karakana.

Nguo zenyewe ni jambo ambalo Nairobi imelirahisisha kuliko miji mingi. Katika soko la Gikomba, ukifika asubuhi mapema wakati mitumba inafunguliwa, utapata koti refu, buti au gauni la sherehe lililo karibu kabisa na unalolitafuta, na kazi yako itakuwa kulirekebisha tu. Kumbuka kwamba huhitaji kamera, yaani zile nguo bora zinazochaguliwa kwanza na kuuzwa ghali. Rundo la fagia, yaani masalio ya bei ya chini, linatosha, maana utalikata na kulipaka rangi. Vitambaa vipya vipo Biashara Street na Eastleigh, na taa ndogo za kuwasha macho ya kinyago zipo Luthuli Avenue. Ukimpa fundi wa cherehani kazi, mpelekee michoro ya mbele, ya nyuma na ya ubavuni, na umtajie tarehe iliyotangulia tamasha kwa wiki moja. Ninawaheshimu mafundi wetu, lakini sijapata kumwona aliyemaliza siku aliyoahidi.

Kwa upande wa nywele tunao utajiri ambao wageni hutuonea wivu. Msusi yeyote wa mtaani anajua kuchovya ncha za rasta katika maji ya moto ili zikae. Ujuzi huohuo ndio unaolifanya wigi la nyuzi bandia lisimame kama miali ya jua au lijikunje kama konokono. Mwonyeshe picha, mweleze kwamba unataka umbo na si mtindo wa kwenda kazini, na umwache afanye. Na kutegemea mkono wa fundi si jambo jipya katika mchezo huu. Katika kongamano la kwanza la dunia la mashabiki wa hadithi za kisayansi, lililofanyika New York mwaka 1939, Forrest Ackerman na Myrtle Douglas walifika wakiwa wamevaa mavazi ya wakati ujao, na aliyeyashona yote mawili alikuwa Douglas. Neno kosplei, linalotaja mchezo huu wa kuvaa kama mhusika wa hadithi, lilikuja baadaye sana, kutoka Japani katika miaka ya 1980. Mkono wa mshonaji ulitangulia jina.

Suala la silaha na sare halina mzaha. Usivae sare halisi za jeshi wala za polisi, hata kama mhusika wako ni askari. Sheria ya Kenya inawakataza raia kuzivaa, na askari wa barabarani hatakusikiliza ukimsimulia habari za katuni. Bunduki ya bandia isiyo na rangi angavu mdomoni isionekane kabisa barabarani wala ndani ya matatu: ifunge, iweke mfukoni, uitoe ukishaingia ukumbini. Upanga uwe wa sponji au mbao nyepesi, kamwe usiwe wa chuma. Tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, ukaguzi kwenye malango ya majengo ya biashara umekuwa sehemu ya maisha ya mji huu, na mlinzi ana haki ya kukifungua kila kifurushi chako. Vua kinyago kabla hujafika kwake, msalimie, umweleze unakokwenda. Sentensi moja ya adabu imewahi kuniokolea nusu saa ya maswali.

Fika mapema, mlango unapofunguliwa, kwa sababu foleni ya saa sita hukaa juani, na jua la mji ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari huchoma hata siku ambayo hewa ni baridi. Mwezi wa Julai utatetemeka asubuhi kisha utoke jasho ndani ya ukumbi. Kati ya Oktoba na Desemba mvua za vuli zinaweza kukuharibia rangi ya uso kabla ya picha ya kwanza, kwa hiyo mwavuli ni sehemu ya vazi. Rangi hiyo ijaribu kwenye ngozi ya ndani ya mkono siku moja kabla. Beba maji, pini, sindano na uzi, gundi ya haraka, na viatu vyepesi vya kubadilisha. Beba pia noti za 50, 100 na 200, kwa maana watu wengi wakijazana mahali pamoja mtandao huweza kulemewa, na ujumbe wa M-Pesa ukachelewa huku muuzaji akikutazama.

Picha za nje zipige kuanzia saa kumi jioni. Adhuhuri jua letu liko utosini, nalo huwatia wote vivuli vyeusi machoni. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, omba kwa mzazi ikiwa ni mtoto, na usiguse wigi, bawa wala mwili wa mtu, kwa kuwa vazi si mwaliko. Ukiombwa wewe na umechoka, kukataa kwa upole si utovu wa adabu.

Sehemu ninayoipenda kuliko jukwaa ni meza za wachoraji, na ninashangaa kuona wengi wakizipita mbio kama vibanda vya kando ya stendi. Kenya ina ukoo mrefu wa kazi hii: wasomaji wa Taifa Leo walimfuata Juha Kalulu, mhusika wa katuni wa Edward Gitau, kwa miongo mingi, jarida la Joe la Hilary Ng'weno na Terry Hirst lilianza mwaka 1973, na komiki ya Shujaaz, iliyoandikwa kwa Sheng, ilianza mwaka 2010. Waliokaa kwenye meza hizo ni warithi wa ukoo huo. Tenga fedha za meza hizi kabla ya fedha za chakula, nunua angalau kitabu kimoja, muulize mchoraji anatumia kalamu gani, na usimwombe mchoro wa bure kwa ahadi ya kumtangaza. Beba bahasha ngumu au bomba la karatasi ili michoro isikunjike.

Ukitaka kushindana jukwaani, soma kanuni za waandaaji mapema na ujiandikishe mapema. Piga picha za kila hatua ya kazi tangu siku ya kwanza, kwa sababu anayekagua ushonaji hutaka kujua ulichokifanya kwa mkono wako.

Ondoka kabla magari ya jioni hayajajaa, ukiwa umevua deraya na kufuta uso kwa mafuta kwanza, kisha sabuni. Usiiache deraya ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwa maana joto hulegeza gundi na viungo huachana kimoja baada ya kingine. Ukifika nyumbani, geuza nguo ndani nje zikauke kabla ya kufuliwa, pangusa sponji kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, na ulivishe wigi juu ya sufuria iliyopinduliwa mpaka asubuhi, ukiwa umewatahadharisha wa nyumbani kabla hawajawasha taa ya jikoni usiku.