Namna ya kuanza kupona kama we ni mweusi na ni kwia (bila kusubiri aliyekuumiza akuombe radhi)

Tukubaliane kitu kimoja kwanza, hapa sikufundishi namna ya kujitangaza. Wengi wakisikia uhuru wa mtu kwia, yani anayependa jinsia yake au ambaye haendani na jinsia aliyopewa akizaliwa, wanafikiria ile siku ya kusimama mbele ya familia unasema mimi niko hivi, afu basi, umeshakuwa huru. Mi nilifanya hivo nikatoka pale na kidonda kipya juu ya kile cha zamani. Na wale wa kukwambia mficha uchi hazai, wakumbushe kwamba uchi anaonyeshwa mkunga, haonyeshwi kila mpita njia.

Kwahiyo anza na kujua umeumia wapi. Sisi weusi tunaumizwa pande mbili, kwa weusi wenzetu unaambiwa hayo mambo ya wazungu umeyatoa wapi, unakimbilia kwa makwia wenzako unakuta baadhi yao wanautamani huo mwili mweusi lakini mwenye mwili hawana habari naye. Chukua karatasi, ichore mstari katikati, upande mmoja ya huku, mwingine ya kule, andika nani alisema au alifanya nini na ulikuwa na miaka mingapi. Umri ni muhimu yani, ukiona umeandika miaka 9 pale ndo unashtuka, mtoto wa miaka 9 alikuwa na kosa gani? Kikulacho ki nguoni mwako, usishangae listi ikijaa watu unaowapenda. Afu usiandike kwenye simu ambayo wengine wanaishika, na ukimaliza unaweza kuichoma karatasi, hiyo sio drama, ni usalama wako.

Sa hapa ndo wengi tunakwama, tunasubiri msamaha. Mwangalie Bayard Rustin, mweusi wa Marekani aliyekuwa anapenda wanaume, yeye ndo aliyesimamia mipango yote ya maandamano ya Washington ya kudai haki za weusi, tarehe 28 Agosti 1963, watu kama 250,000, lakini ndani ya harakati hiyohiyo kulikuwa na wakubwa waliotaka asionekane mbele kwa sababu mwaka 1953 alikamatwa California kwa kosa la kuwa na wanaume. Hilo jimbo lilikuja kumsamehe mwaka 2020. Alishakufa tangu 1987! Angesema asubiri barua ya msamaha ndo aanze kuishi, angeishi lini? Kwahiyo toa hiyo hatua kwenye mpango wako, wakiomba radhi vizuri, wasipoomba we unaendelea.

Kuandika kwenyewe kuna utaratibu. Mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha jaribio mwaka 1986, wanafunzi waliandika jambo lililowaumiza dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, na siku zilezile za kuandika walijisikia vibaya zaidi lakini miezi iliyofuata walienda kliniki mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Nakwambia hili ili ukijisikia hovyo siku ya kwanza usidhani umekosea. Weka saa, andika kilichotokea na ulivyojisikia, usisahihishe kitu, saa ikilia acha hata kama sentensi iko katikati. Ila ukianza kuganda, au unajiona kama uko nje ya mwili wako, hapo unajitonesha kidonda, simama, kanyaga chini kwa nguvu, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, toa pumzi taratibu na kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mwili unadhani hatari bado iko mlangoni, unauonyesha kwamba hayupo mtu. Na kama mawazo yanayokuja ni ya kujiua, weka kalamu chini umwambie mtu saa hiyohiyo au nenda hospitali, usikae nayo usiku peke yako.

Ukipata uwezo wa kwenda kwa mshauri, muulize swali moja kabla hujakaa: unaamini mtu anaweza kubadilishwa asiwe hivi? Akijibu ndio, au akianza kuzunguka zunguka, aga uondoke. Shirika la Afya Duniani lilishaondoa kupenda jinsia yako kwenye orodha ya magonjwa tangu 1990, anayetaka kukutibu hilo atakuongezea majeraha tu.

Halafu tafuta mtu. Mmoja anatosha kuanzia. Namna yangu ya kumpima mtu: mpe siri ndogo isiyo na madhara, afu kaa wiki tatu usikilize kama itakurudia kutoka mdomo mwingine. Isiporudi, ongeza kidogo. Watu wetu wamefanya hivi siku zote, kina Marsha P. Johnson na Sylvia Rivera, wanaharakati wa haki za makwia, mwaka 1970 walianzisha kundi New York wakawa wanawapa vijana waliofukuzwa makwao mahali pa kulala, na wao wenyewe walikuwa hawana kitu. Familia ya namna hiyo haikuzai ila inakufungulia mlango.

Kwa familia ya damu, tayarisha sentensi moja mapema maana ukikasirika utaropoka. Kwa mfano, "Mama nakupenda ila hilo leo siliongelei, tukiendelea nitaaga." Akiendelea, aga kweli. Siku ya kwanza inauma sana, ya tatu ashazoea. Lakini kama bado unalala na kula kwao na hakuna pa kwenda, we nyamaza, jipange, weka akiba, woga sio huo.

Mwisho chagua kitu kimoja walichokunyang'anya ukirudishe, kidogo tu. Mi walikuwa wananicheka nikicheka, eti nacheka kama msichana, nikajifunza kucheka nimefumba mdomo miaka na miaka. Nilianza kukirudisha bafuni, maji yakiwa yanamwagika. Sasa hivi nacheka sebuleni, jirani ameshagonga ukuta mara mbili.