Ufunguo wa stoo uko kwa nani? Namna ya kuiandaa halmashauri kabla mlipuko wa ugonjwa haujabisha hodi

Saa nane usiku, mwezi wa Novemba, mwenyekiti wa kitongoji alinipigia simu kutoka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inapopandishwa. Watu watatu wa kambi moja ya dagaa walikuwa wanaharisha maji matupu na kutapika, na mmoja hawezi tena kusimama. Vifaa tulikuwa navyo: klorini, chupa za Ringer (maji ya dripu), mabuti, pampu za kupulizia. Vyote vilikuwa stoo, stoo ina kufuli, na mtunza stoo alikuwa msibani wilaya nyingine, ufunguo mfukoni mwake. Zahanati ya mwaloni ilikuwa na chupa nne tu za Ringer. Ziliisha mapema. Kufuli tulilivunja saa kumi na mbili asubuhi, baada ya kuhangaika na simu za kuomba kibali cha kulivunja. Yule kijana alikuwa amefariki saa nzima kabla.

Tangu usiku ule, mtu akiniuliza maandalizi ya dharura yanaanzia wapi, namwambia yanaanzia kwenye ufunguo.

Mimi ni afisa afya katika halmashauri moja ya kando ya Ziwa Victoria, Tanzania. Watu wa mialoni huniita Bibi Afya. Naandika kwa ajili yako wewe uliyepewa barua ya kuwa mratibu wa dharura za afya, ukakabidhiwa na faili la mpango lenye jalada zuri. Lisome faili hilo, lina kazi yake. Kisha fanya haya.

Karatasi moja ya majina

Chukua karatasi moja, uiandike pande mbili. Andika nani anafungua stoo, nani anaendesha gari la wagonjwa, nani anaidhinisha mafuta, nani anachukua sampuli, nani anaongea na wananchi, nani mwenye boti. Kila kazi iwe na watu wawili, na namba za simu za wote wawili. Usiandike cheo peke yake. "Mtendaji wa Kata" hapokei simu. Anayepokea ni mtu mwenye jina, na watendaji huhamishwa.

Piga namba zote kila baada ya miezi 3. Mara ya kwanza nilipozipiga zote, zaidi ya robo hazikupatikana: laini zimebadilishwa, watu wamehamia halmashauri nyingine, mmoja alikuwa amestaafu. Kwenye visiwa na makambi yasiyo na mtandao, andika jina la katibu wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) na ueleze ujumbe unafikaje: boti ipi, inatoka saa ngapi, nahodha wake ni nani.

Katika karatasi hiyo hiyo, weka wazi nani anaamua nini. Kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya, kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022, iko chini ya Mkuu wa Wilaya. Kamati ya Afya ya Msingi ya wilaya nayo yeye ndiye mwenyekiti wake. Lakini watumishi, magari na fedha viko kwa Mkurugenzi wa halmashauri, na utaalamu uko kwa Mganga Mkuu. Mratibu anayeripoti upande mmoja tu atakwama upande wa pili. Ujumbe wako wa kwanza upeleke kwa wote watatu ndani ya saa ileile.

Zifuate nyendo za watu

Hapa ndipo mipango mingi inaponiumiza moyo, kwa sababu inanakiliwa kutoka halmashauri nyingine ikabadilishwa jina tu. Huwezi kuandaa mahali usipopajua.

Kwetu kalenda ya ugonjwa inakwenda na mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupandishwa mchangani na wavuvi hutawanyika: wengine wanarudi makwao kuona familia, wengine wanahamia kambi nyingine. Kwa hiyo siku za mbalamwezi ndipo watu wanapatikana kambini mchana kwa elimu na kugawiwa dawa ya maji, na siku hizohizo ndipo ugonjwa unapopanda basi. Ikiwa kuna wagonjwa mwaloni na mbalamwezi inakaribia, pigia simu zahanati za bara wanakotoka wavuvi, uwaambie watarajie wagonjwa. Jambo hili sikulikuta katika mwongozo wowote. Nilifundishwa na mama mmoja mwanika dagaa.

Kwako huenda ni mnada wa ng'ombe wa kila wiki, mgodi mdogo wa dhahabu, msimu wa kuvuna mpunga au stendi ya mpakani. Zunguka kata zote uulize: maji ya kunywa yanatoka wapi, kisima kipi hufurika, vyoo viko wapi, mama lishe wanapikia wapi, watu huja lini na kuondoka lini. Chora ramani yako kwa mkono. Waulize watu wa RUWASA (wakala wa maji vijijini) na mamlaka ya maji ni bomba lipi hupasuka kila mvua, maana wanalijua.

Mafuta yaombwe Agosti

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli mwezi Agosti. Siku unapotoka, andika dokezo kwa Mkurugenzi, uambatanishe utabiri na ramani yako. Omba mambo mawili tu: mafuta ya dharura yaidhinishwe mapema kwa kiwango maalumu, yatumike tukio likitokea, na masurufu ya timu (fedha za safari ya kazi) yawe na utaratibu wa kutolewa ndani ya saa 24. Dokezo la Agosti husomwa kwa utulivu. La usiku wa mlipuko husubiri ofisi ifunguliwe.

Fedha yenyewe lazima iwe imeshaingizwa kwenye mpango wa afya wa halmashauri kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai 1. Kama haimo kwenye PlanRep, mfumo wa kompyuta wa mipango na bajeti za halmashauri, barua hata iwe nzuri kiasi gani haitakusaidia. Kaa na mchumi wa halmashauri wakati wa kupanga bajeti, umweleze kwa hesabu. Kifungu cha dharura kikikatwa, rudi tena mwaka unaofuata na hesabu za mlipuko uliopita: mafuta, posho, dawa, siku ambazo mwalo ulifungwa.

Hesabu ya stoo

Kwa kipindupindu hesabu ni hii. Mtu mzima aliyeishiwa maji kabisa anahitaji mililita 100 za Ringer kwa kila kilo ya uzito wake katika saa 3 za mwanzo: 30 ndani ya nusu saa, 70 katika saa 2 na nusu zinazofuata. Mtu wa kilo 50 ni lita 5, yaani chupa 10 za nusu lita, kabla ya nyingine za kuendelea. Sasa rudi kwenye zile chupa nne za zahanati yetu. Hazikumtosha hata mtu mmoja. Wagonjwa wengi hupona kwa ORS (chumvichumvi ya kunywa ya kurudisha maji mwilini) peke yake, kwa hiyo ORS isikosekane kituo chochote na kwa mhudumu yeyote wa afya ngazi ya jamii. Lakini zahanati za mialoni zipelekewe Ringer ya kutosha wagonjwa mahututi watatu kabla mvua haijaanza, maana boti haivuki kwenye dhoruba.

Klorini: chembechembe za HTH (klorini kavu ya kuchanganya na maji) za asilimia 70. Kwenye ndoo ya lita 20, kijiko kimoja cha chakula (kama gramu 15) kinatoa asilimia 0.05 ya kunawia mikono. Vijiko vinne vinatoa asilimia 0.2 ya sakafu, vitanda na mabuti. Kwa matapishi, kinyesi na mwili wa marehemu ni asilimia 2, gramu 600 kwa ndoo ileile. Hapo tumia kopo ulilolipima mapema. Ndoo ziwe za plastiki, za rangi tofauti, na mchanganyiko uwe mpya kila siku. HTH isikae chumba kimoja na mafuta ya gari wala vifaa vya chuma. Mvuke wake hula chuma, na ikikutana na mafuta inaweza kuwasha moto.

Angalia tarehe za kuisha muda kila robo mwaka. ORS inayokaribia kuisha ipeleke vituoni itumike, uombe nyingine Bohari ya Dawa.

Mahali pa kambi ya matibabu

Chagueni kiwanja kabla hakijahitajika, na mkipitishe kwenye mkutano wa kijiji. Kiwe mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, udongo usiotuama, njia moja ya kuingilia. Weka hesabu ya lita 60 za maji kwa kila mgonjwa kwa siku. Mahali pasipo na maji hayo hapafai hata kama pana jengo zuri. Vitanda vyenye tundu na ndoo chini, fundi seremala wa mjini kwenu anaweza kuvitengeneza akionyeshwa mfano mmoja.

Shule naikataa. Niliwahi kukubali madarasa mawili yatumike, na wazazi wakagoma kurudisha watoto kwa wiki kadhaa baada ya sisi kuondoka.

Taarifa itoke kwa jirani

Kipindupindu kinatakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24. Ipo pia shabaha inayoitwa 7-1-7: siku 7 kugundua, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo za kukabiliana. Mimi huiandika ubaoni kila tukio na kujaza tarehe halisi. Kwetu siku zinapotea kwenye ile 7 ya mwanzo, kwa sababu mvuvi anaona aibu kusema anaharisha, na mwenye kambi anaogopa mwalo kufungwa.

Kwa hiyo mfundishe mtu wa karibu. Wenyeviti wa vitongoji, mama lishe, wauza duka la dawa, wanaobeba abiria kwa bodaboda. Maneno yawe mepesi: mtu akiharisha ghafla kinyesi kama maji yaliyooshewa mchele, mpe ORS njiani, mpeleke kituoni, tupigie. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni bure. Ibandike kwenye kila duka la dawa. Duka linalouza dawa za kuharisha mara mbili ya kawaida kwa siku moja limeshakuambia jambo.

Na aliyeripoti arudishiwe majibu, hata kama haikuwa kipindupindu. Mwenyekiti aliyepiga simu mara mbili bila kuona mtu hatapiga ya tatu.

Usijiandae kwa ugonjwa mmoja tu. Machi 21, 2023 Marburg, ugonjwa hatari wa virusi unaofanana na Ebola, ilitangazwa mkoani Kagera, ng'ambo tu ya maji kutoka kwetu. Wagonjwa walikuwa 9, wakafariki 6, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao, na zaidi ya watu 200 waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa. Mlipuko ulitangazwa kwisha Juni 2. Baada ya hapo niliongeza kwenye karatasi yangu mstari mmoja: nani katika kila kituo anajua kumtenga mgonjwa na kuvaa vifaa kinga bila kusubiri timu ya mkoa. Katika vituo viwili jibu lilikuwa hakuna mtu. Tukafundisha.

Maziko

Nenda kwa mashehe, wachungaji na wazee wa mila wakati hakuna msiba. Marehemu wa kipindupindu ana hatari kwa anayemwosha, na chakula cha matanga kikipikwa na mikono hiyohiyo husambaza ugonjwa kijiji kizima. Ukilisema hili mbele ya jeneza, utaonekana umekuja kuwanyang'anya maiti yao. Ukilisema miezi mitatu kabla, shehe mwenyewe atakuuliza glavu zinapatikana wapi na nani atamfundisha mwoshaji. Mkubaliane nani ataosha, nani atasimama karibu, na chakula cha msibani kitaahirishwaje bila kuwavunjia heshima wafiwa.

Amsheni watu usiku

Zoezi la mezani ni zuri: kaeni saa mbili na tukio la kubuni, kila mmoja aseme atafanya nini. Lifanye mara moja kwa mwaka, kabla ya vuli. Lakini mezani kila stoo iko wazi.

Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, kwa idhini ya Mkurugenzi na Mganga Mkuu, napiga simu usiku. Natoa tukio moja, na naandika saa: simu ilipokelewa lini, stoo ilifunguliwa lini, gari lilitoka lini likiwa na nini ndani. Asubuhi tunakaa wote, tunasoma muda bila kumlaumu mtu, na kila pengo linapata jina na tarehe ya kulifunga.

Siku hizi funguo ni tatu: kwa mtunza stoo, kwa muuguzi wa zamu, na kwa mlinzi wa lango ndani ya bahasha inayosainiwa ikifunguliwa. Katika zoezi la mwisho nilimpigia mlinzi saa nane na dakika tano usiku. Stoo ilifunguka saa nane na dakika kumi na saba. Pampu mbili kati ya tano zilikutwa hazina mipira ya kuzuia kuvuja. Tukaziandika, na mipira ikanunuliwa wiki ileile.